"Jana Alikuwa Mzima": Maneno kwa Wafugaji wa Kalopsita wa Lubumbashi

Maneno haya niliyasema hapa Lubumbashi, Jumapili mchana, mbele ya wafugaji wa ndege na jamaa zao. Wengi waliokuwa safarini au kilioni wameyaomba, kwa hiyo ninayaweka hapa yote. Picha za ukutani nimeziacha. Mengi ya yaliyokuwa ndani yake nimeyaeleza kwa mdomo.

Ba papa, ba mama, wazee wetu mlioketi mbele, na ninyi vijana mliobanana kule mlangoni, jambo yenu! Asanteni sana kwa kuacha mapumziko yenu ya Jumapili kwa ajili ya ndege mwenye gramu tisini hivi.

Kuna maneno ninayoambiwa kila mara. Ninaambiwa kwenye simu, ninaambiwa sokoni, ninaambiwa hata ibada ikiisha. Mtu ananishika mkono, macho yamemwiva, anasema: "Mama, kalopsita wangu amekufa, na jana alikuwa mzima." Jana aliimba. Jana alikula. Leo asubuhi wamefunua tundu, ndege yuko sakafuni, amekauka. Wengine wanaongeza kwa sauti ya chini kwamba kuna jirani aliyemsifia sana ndege huyo siku mbili kabla, na mnajua wanataka kusema nini.

Ninataka tuyaondoe maneno hayo vinywani mwetu. Mwacheni jirani. Mara nyingi jana hakuwa mzima. Mara nyingi hata juzi hakuwa mzima. Alikuwa anaumwa wiki nzima, pengine mwezi, na alikuwa anaficha.

Kwa nini afiche? Tazameni alikotoka. Kalopsita, au kokateli kama ndugu zetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, wanavyomwita, ni ndege wa Australia, tena wa bara la ndani, kwenye nyanda kavu ambako mvua inakuja ikitaka. Ni wa jamii ya kakatua, kasuku wenye kishungi, na katika jamii hiyo hakuna mdogo kumshinda. Kutoka kishungi mpaka ncha ya mkia ana sentimita thelathini na kitu, na karibu nusu yake ni mkia. Porini anahamahama na kundi lake, wanafuata maji na mbegu za majani, na wanashuka kula chini, ardhini. Juu yao wanazunguka mwewe na kozi. Sasa niambieni, mwewe akiangalia kundi la ndege hamsini, anamchukua nani? Anamchukua yule aliyejikunyata. Anamchukua yule mwenye bawa lililolegea. Ndiyo sababu kalopsita mgonjwa anajikaza, anasimama wima, anadonoa chakula hata kama hamezi. Ukimwingia chumbani anajinyoosha. Ukitoka anajikunyata tena. Wewe si mwewe, lakini yeye hajafundishwa njia nyingine ya kuwa mgonjwa.

Kwa hiyo kazi ya mfugaji, kabla ya chakula na kabla ya tundu, ni kutazama. Kutazama, ba mama, si kupita tu ukimsalimia. Mtazame kutoka mbali, kabla hajajua kwamba umeamka. Je, ametunisha manyoya wakati hakuna baridi? Je, mkia unapiga juu na chini kila akipumua? Mzima akilala husimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuficha tumboni. Huyu mbona anasinzia mchana kwa miguu yote miwili? Mbona yuko sakafuni? Kisha tazama karatasi ya chini ya tundu. Kinyesi cha kalopsita kina sehemu tatu: kamba ndogo ya kijani au kahawia, kitu cheupe kama chokaa, na maji kidogo yanayozunguka. Kikibadilika rangi na hujabadilisha chakula, au kikiwa maji matupu siku nzima, hiyo ni habari, na umeletewa mapema.

Na mnunue mizani. Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Mpimeni ndege mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla hajala, na muandike kwenye daftari. Manyoya yanadanganya: ndege anaweza kubaki mifupa, na kwa nje bado ni duara. Mizani haidanganyi. Aliyekuwa na gramu 90 akifika 81, amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari siku hiyohiyo, hata kama anaimba.

Nitawaambia kisa kimoja, na familia yenyewe imenipa ruhusa kukisimulia bila jina. Walipata kilio Likasi. Waliondoka haraka, kama inavyokuwa, wakamwachia mpwa wao nyumba, mbwa na kalopsita. Kijana ni mwaminifu, tena mwangalifu. Kila asubuhi alitazama bakuli la ndege, akaona limejaa, akabadilisha maji, akaenda zake. Siku tano. Walipokaribia kurudi, ndege amekufa, na bakuli limejaa mpaka juu.

Limejaa nini? Limejaa makapi! Kalopsita hamezi mbegu na ganda lake. Anaigeuza mdomoni kwa ulimi, anaipasua, anakula kiini, na ganda linaangukia palepale kwenye bakuli. Ukitazama kwa macho, utaapa kwamba chakula kipo. Ndege yule alikufa njaa juu ya bakuli lililojaa, na kijana yule mpaka leo hajajisamehe, ingawa hakuna aliyewahi kumwonyesha. Basi leo nawaonyesha. Chukueni bakuli, lishikeni hivi, pulizeni. Mnaona yanavyoruka? Kinachobaki chini ndicho chakula. Pulizeni kila asubuhi, na yeyote mnayemwachia ndege mfundisheni kupuliza kabla hamjampa ufunguo wa nyumba.

Sasa tuingie kwenye hewa, kwa sababu katika mji huu hewa ya ndani ya nyumba inaua kalopsita wengi. Na anayeuawa na hewa anaweza kweli kuwa mzima jioni na kufa usiku.

Mapafu ya ndege si kama yetu. Sisi tunavuta hewa inaingia, tunaitoa kwa njia ileile. Ndege ana vifuko vya hewa mwilini, mbele na nyuma, na hewa inapita mapafuni ikielekea upande mmoja tu, bila kurudi. Ndiyo maana anaweza kuruka mwendo mrefu bila kuchoka. Lakini ndiyo maana pia, sumu ikiwa hewani, yeye anaichota haraka na kwa wingi kuliko wewe uliyelala kitanda cha pembeni.

Wote hapa mnaijua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba. Usiku unashuka chini ya nyuzi 10. Tunafanya nini? Tunaingiza mbabula, jiko letu la makaa. Makala yamewaka vizuri nje, hayana moshi, yamekuwa mekundu, tunasema sasa ni salama, tunaiweka katikati ya chumba, tunafunga madirisha. Ba papa, ba mama, makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye hatari kubwa. Yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, isiyo na rangi, isiyokohoza mtu.

Nyumba moja Katuba, usiku wa mwezi wa saba, mbabula iko ndani na watoto wanne wamelala chumba hichohicho. Mama alisikia kishindo kidogo: ndege ameanguka kutoka kwenye kijiti chake. Aliamka amtazame, akahisi kichwa kinamgonga na miguu haimbebi. Alikuwa na akili ya kufungua mlango kabla ya kufungua tundu. Aliwavuta watoto nje mmoja mmoja. Watoto wale wako hai, na mmoja yumo humu ndani leo. Ndege hakuamka.

Mji wetu ulizaliwa 1910 kwa sababu ya shaba, na hakuna familia hapa isiyo na babu au mjomba aliyefanya kazi ya migodi. Basi mtaelewa haraka. Kule Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wanashuka shimoni na ndege wadogo aina ya kanari, kwa sababu hiihii, mpaka mwaka 1986. Kanari akianguka, watu wanatoka. Lakini kanari wale waliajiriwa kazi hiyo. Kalopsita wako hakuajiriwa. Na wanao vilevile hawakuajiriwa. Mbabula ikae nje. Kama ni baridi, funika tundu kwa blanketi pande tatu, acha upande mmoja wazi, liweke mbali na dirisha na mbali na mlango. Kalopsita mzima, mkavu, aliyeshiba, anavumilia baridi ya Lubumbashi. Asichovumilia ni upepo wa pembeni unaompiga usiku kucha.

Kuna sumu nyingine jikoni, na hii iko kwenye nyumba zenye umeme na jiko la kisasa. Vile vikaango vyenye utando mweusi usioshika chakula, wa aina ya Teflon. Ukipika kwa moto wa kawaida hakuna neno. Ukikisahau kitupu juu ya jiko, kikapita nyuzi 280 hivi, utando unaanza kutoa gesi ambayo wewe huenda usiihisi, na ndege wa chumba cha pili anakufa ndani ya dakika chache, damu ikiwa imejaa mapafuni. Hakuna dawa yake. Kwa hiyo tundu lisikae jikoni, wala jirani na jikoni. Dawa za kupuliza mbu na mende, udi wa mbu, marashi ya kupuliza, rangi mbichi ya ukuta: vyote hivyo, mtoe ndege kwanza, ufanye kazi yako, upitishe hewa, ndipo umrudishe.

Na tukiwa kwenye sumu, neno moja kuhusu matundu yanayotengenezwa hapa kwetu. Mafundi wetu wa kulehemu wana mikono mizuri, ninawanunulia na nitaendelea kuwanunulia. Lakini wavu mpya wa kuku umepakwa zinki, na kalopsita ana tabia ya kutafuna. Matone yale ya zinki yanayong'aa kwenye maungio ndiyo anayoyatafuna kwanza, na zinki inamwua polepole. Wavu wa chuma cha pua ni bora, lakini ni ghali. Kama umepata wa zinki tu, usugue wote kwa brashi ya waya na siki, suuza, anika juani, rudia. Hatari inapungua, haiishi. Risasi ni mbaya zaidi: tundu la zamani lenye rangi inayobanduka, usimwekee ndege. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita moja na nusu au mbili, asije akapitisha kichwa. Na vijiti vya kusimama visiwe vile laini vya dukani vyote sawasawa. Kata tawi la mpera au mwembe, lioshe, liache na magamba yake na unene wake usiolingana. Miguu yake inahitaji kubadilisha mshiko, la sivyo inatoka vidonda chini.

Chakula. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mapenzi yetu yanapowaumiza.

Wengi wetu tunampa kalopsita mbegu peke yake, na anapenda alizeti kuliko zote, basi tunamjazia alizeti. Kwa nini anaipenda? Kwa sababu ni mafuta. Porini angeruka kilomita nyingi kuitafuta na kuimaliza mwilini. Kwako anaruka kutoka kijiti hiki mpaka kile. Mafuta yanakaa kwenye ini. Vitamini A inakosekana, na ikikosekana ngozi laini ya puani na kooni inaharibika, vijidudu vinaingia kirahisi, anaanza kupiga chafya. Kalsiamu inakosekana. Kisha miaka minne au mitano tunamzika ndege ambaye angeishi miaka 15, angeishi 20. Ndiyo, miaka ishirini! Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ule aliponunuliwa ndege angemaliza shule ya sekondari, na ndege bado yupo anapiga miluzi.

Sasa tumlishe nini hapa Lubumbashi, bila kungoja pakiti kutoka Afrika Kusini? Majibu yako kwenye soko la Kenya, hapahapa mjini, kwa mama anayeuza mboga. Lengalenga. Matembele. Karoti iliyokunwa. Boga la njano lililochemshwa kidogo. Yai la kuchemsha, kipande, mara moja moja. Mahindi mabichi ya msimu, bado kwenye gunzi, atafurahi kuyapasua. Mtama na ulezi viwe sehemu ya mbegu, alizeti iwe chache, kama zawadi. Ganda la yai ulichemshe, ulikaushe, ulisage, uliweke kwenye kibakuli chake. Hiyo ndiyo kalsiamu, na umeipata bure. Mboga ziosheni vizuri, na saa mbili tatu zikipita mziondoe, hasa kipindi cha mvua.

Mtaniambia: hataki. Ninajua hataki! Ndege aliyekulia mbegu haoni lengalenga kuwa chakula. Msimfungie mbegu kwa hasira siku mbili, atakufa. Kuna binti mmoja wa Kampemba ambaye ndege wake alikataa majani miezi. Alifanya hivi: alilowesha shada zima la lengalenga, akalining'iniza juu ya tundu majani yakiwa na maji. Kalopsita wanapenda kujisugua kwenye majani yenye umande, ndivyo wengine wanavyooga. Ndege akaingia kuoga. Akaoga, akadonoa. Siku ya pili akaoga, akadonoa zaidi. Baada ya wiki chache alikuwa anapiga kelele akiona tu mtu ameshika kitu cha kijani. Na wengine wanakubali kwa kuona: kula mbele yake, wewe mwenyewe, taratibu, ukisifia. Ni ndege wa kundi. Kundi likila, naye anakula.

Lakini kula naye kuna mipaka. Avoka, hapana. Sikieni vizuri, kwa sababu avoka zetu ni tamu, ziko kila lupango, kila kiwanja cha nyumba, na mtu anadhani tunda haliwezi kudhuru. Avoka ina kitu kinachoshambulia moyo wa ndege, na kipande kidogo kinatosha. Majani ya mti wake pia. Nyumba moja walikuwa wanakula avoka na mkate, ndege yuko begani mwa baba kama kila asubuhi, akadonoa. Walicheka. Jioni alikuwa anahema mdomo wazi. Chokoleti, kahawa, pombe, chumvi, kitunguu, maharagi makavu mabichi: hapana. Sombe mbichi, yaani majani ya muhogo: hapana, ina sumu ambayo sisi tunaitoa kwa kutwanga na kuchemsha. Bukari tupu, yaani ugali, haimwui, lakini inamjaza bila kumjenga, na ile yenye mchuzi wa chumvi ibaki kwenye sahani yako. Karanga na mahindi yaliyopata ukungu, hata ukungu wa kunusa tu usioonekana, yatupeni mbali. Ukungu ule una sumu ya aflatoksini, na inaharibu ini la ndege kama inavyoharibu letu.

Nilitaka kusema pia juu ya usiku. Wangapi hapa wamewahi kushtuka usiku wa manane kwa sababu tundu linatikisika kana kwamba kuna panya ndani? Inueni mikono. Mnaona? Karibu nusu ya ukumbi. Kalopsita wanajulikana kwa hili: usiku, gizani, kitu kidogo kinamgusa masikio, paka juu ya bati, jenereta ya jirani inayowashwa ghafla, na yeye anaruka moja kwa moja akidhani adui amefika. Haoni. Anajigonga huku na huku. Asubuhi unakuta damu, bawa limelegea, manyoya makubwa ya mkia yako chini.

Hapa umeme unakatika tunavyojua, kwa hiyo ile taa ya barazani uliyomwachia haiaminiki. Nunua taa ndogo ya sola, ile ya kuchajiwa mchana, iweke chumbani ikitoa mwanga hafifu tu, kiasi cha kumwonyesha waya na kijiti. Ikitokea ameshtuka, usikimbilie kumkamata. Washa mwanga, simama, sema naye kwa sauti unayosema naye kila siku. Akitulia, tazama damu. Unyoya mchanga ukivunjika unatoa damu nyingi. Bana kwa pamba safi au weka unga wa mahindi mkavu kidogo mpaka ikome, na isipokoma nenda kwa daktari. Na alale saa 10 hadi 12. Televisheni ikikesha, yeye asikeshe nayo.

Jambo la upweke linaniuma kuliko yote. Nilimjua mwanafunzi mmoja, kijana mwema, alinunua kalopsita kwa akiba yake. Asubuhi anaondoka kwenda masomoni, jioni kwenye kazi ya kujitafutia karo, anarudi saa nne usiku. Ndege yuko peke yake na kioo kidogo ndani ya tundu. Ndege alianza kujinyofoa kifuani mpaka ngozi ikaonekana. Alimpeleka kwa watu wa dawa, akapewa poda, akapewa mafuta. Hakuna kilichosaidia, kwa sababu hapakuwa na ugonjwa wa ngozi. Palikuwa na ndege wa kundi ambaye kundi lake ni kioo. Alipopata mwenzake, wakakaa matundu mawili kwanza, kisha moja, manyoya yalianza kurudi. Kama nyumba yenu haina mtu mchana, msinunue mmoja. Nunueni wawili, au msinunue.

Na mkileta mwenzake, asiingie siku hiyohiyo. Akae chumba kingine siku 30 angalau, na bakuli zake, na mumhudumie wa mwisho. Mnaoleta ndege kutoka sokoni mtanisikia: ndege anayetoka kwenye boksi lenye ndege ishirini ametoka na hewa ya ndege ishirini.

Hapo ndipo lilipo suala la afya yetu sisi. Kuna ugonjwa unaoitwa psitakosi, unaletwa na kijidudu kinachotoka kwenye kinyesi na makamasi ya ndege wa jamii ya kasuku. Mwaka 1929 na 1930 ulisambaa nchi nyingi pamoja na kasuku waliokuwa wakiuzwa kutoka Amerika Kusini, na watu walikufa. Leo unatibika kwa antibiotiki, doksisaiklini kwa kawaida, mradi tu ujulikane. Kwa mtu unaanza na homa, kichwa kinauma sana, kikohozi kikavu. Hapa kwetu homa na kichwa ni malaria kabla hata hujafika kwa daktari. Pimeni malaria, ndiyo. Lakini mwambieni daktari: "Nyumbani nina ndege." Maneno matatu hayo yanaweza kuokoa mapafu ya mtu. Mkisafisha tundu, nyunyizeni maji kwanza ili vumbi lisiruke, mvae barakoa, mnawe mikono. Kalopsita mwenyewe ana unga mweupe wa manyoya, mwingi; mwenye pumu nyumbani afikiriwe kabla ya kununua.

Mayai, kwa haraka. Jike anataga hata bila dume, kama kuku. Akitulia sakafuni ametunisha manyoya, anasukuma na hakuna kinachotoka, yai limekwama, na hiyo ni hatari ya saa chache. Mpashe joto, nyuzi 30 hivi, kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa kando ya tundu, na mtoke nyumbani kwenda kwa daktari. Tuna bahati katika mji huu: Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kitivo cha tiba ya mifugo. Waulizeni. Daktari wa ng'ombe anayekiri kwamba anasoma bado juu ya ndege ni bora kuliko muuza dawa anayejua kila kitu. Mnaotaka vifaranga: mayai manne mpaka saba, siku 18 hadi 21, na dume anaatamia mchana kwa kawaida, jike usiku. Ba papa, mmesikia.

La mwisho, na hili ninalisema nikiwa nimesimama wima. Watu wananiuliza kwa nini niwasumbue na ndege wa Australia wakati Kongo ina kasuku wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, anayesema kama mtu. Jibu langu ni hili. Kalopsita wa madukani amezaliwa tunduni, na mama yake alizaliwa tunduni, na bibi yake. Yule kasuku ametolewa msituni. Amenaswa kwa ulimbo uliopakwa kwenye tawi, ameng'olewa manyoya ili anasuke, amesafirishwa ndani ya kikapu pamoja na wenzake ambao wengi wao hawakufika. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu kutoka porini imepigwa marufuku kwa CITES, mkataba wa mataifa juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Lakini hata bila mkataba! Kila mmoja anayenunuliwa hapa anamwambia mtegaji arudi msituni. Msimnunue kwa kumhurumia. Msimnunue hata kwa kumwokoa, kwa sababu fedha hiyo hiyo inawanasa wengine wawili. Mkiona anauzwa, toeni habari kwa wahusika wa mazingira, na mkae na ndege mliyenaye.

Nimemaliza yangu. Mizani iko juu ya meza ile, pamoja na madaftari; kila nyumba yenye ndege ichukue daftari moja, na leo tarehe iandikwe ukurasa wa kwanza. Mama aliyeleta wavu wake wa zinki akae karibu na fundi, atamwonyesha namna ya kusugua maungio. Na yule kijana wa Ruashi mwenye tundu lililofunikwa kitenge, njoo mbele tumpime ndege wako kwanza, umesema anapiga chafya. Maswali yataanza tukishampima.